Mwalimu Agatha na Nyimbo za Maji

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu na jamaa mliofika hapa Kitangari kutoka Masasi, Tandahimba, Lukuledi na mbali zaidi, familia ya marehemu mzee Ladislaus Chilumba inawaomba mtuvumilie, kwa kuwa haya tunayoyasoma yameandikwa kwa haraka ya siku tatu, na wapo kati yetu ambao hata asubuhi ya leo, Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, wameamka wakidhani wameota.

Marehemu Dkt. Agatha Ladislaus Chilumba alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964 hapa hapa Kitangari, wilaya ya Newala, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Ladislaus, katekista na mkulima wa korosho, na mama Getrude, na kama watoto wa kike wa huku juu wakati ule, alijua kushuka bondeni kuchota maji kabla hajajua kusoma, akiwafuata wanawake walioteremka alfajiri na kupanda na mitungi kichwani wakiimba kwa Chimakonde, mmoja akianzisha na wengine wakipokea, ili mlima usiwashinde.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, akaendelea na sekondari Masasi hadi 1982, kidato cha tano na sita mkoani Ruvuma hadi 1985, na baada ya kulitumikia taifa jeshini kwa mwaka mmoja alijiunga na chuo kikuu Dar es Salaam, ambako alihitimu shahada ya Kiswahili na fasihi mwaka 1989, akapangiwa kufundisha sekondari Masasi.

Huko ndiko alikokutana na Mwalimu Anderson Malibiche, Mmakua wa Chidya, mwalimu wa historia, ambaye alisoma shairi la Agatha gazetini, akalikariri, akalighani mbele ya walimu wote huku akikosea ubeti wa tatu, na Agatha, badala ya kuona haya, akausahihisha ubeti huo pale pale mpaka mwenzake akaupatia. Walifunga ndoa tarehe 28 Desemba 1991, wakajaliwa watoto watatu, Flora, Reginald na Mabel, na kwa miaka yote thelathini na miwili Mwalimu Anderson ndiye aliyekuwa msikilizaji wa kwanza wa kila alichokiandika mkewe.

Mwaka 1994 aliajiriwa chuo kikuu kuwa mhadhiri msaidizi, na mwaka 1996 akarudi Newala kufanya utafiti wa shahada ya uzamivu juu ya nyimbo za unyago, akapokelewa kama binti wa nyumbani na somo yake, Bibi Sikuzani, aliyemcheza unyago yeye mwenyewe utotoni. Mwaka 1998, tasnifu ikiwa karibu kukamilika, alimwendea Bibi huyo kumweleza kwamba sura moja nzima ina nyimbo za ndani, zile zisizoimbwa mbele ya wasiochezwa, pamoja na tafsiri zake, na kwamba zitasomwa na watu wengi. Bibi Sikuzani akamwambia, "Mwanangu, nyimbo hizi ulipewa uzibebe, hukupewa uzigawe."

Agatha hakubishana naye. Aliporudi chuoni aliiondoa sura hiyo, na alipoambiwa na wakubwa wake kwamba bila sura hiyo hakuna tasnifu, akaiacha kazi yote na kuanza upya kwa mada nyingine, ya mashairi ya magazetini, huku wenzake wakimpita vyeo na wengine wakimcheka kwamba ameogopa uchawi wa vikongwe. Mwalimu Anderson anakumbuka alivyomuuliza iwapo hajutii, akajibiwa, "Baba Flora, ninajuta sana, lakini Bibi akinipa mkono nataka niupokee bila kuangalia chini." Shahada hiyo aliipata mwaka 2003.

Baada ya hapo mnamfahamu wengi wenu kuliko sisi. Alitoa diwani mbili za mashairi, alijifunza Kireno kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma na kututafsiria mashairi ya Msumbiji kwa Kiswahili ambacho hata mama Getrude alikifurahia, alifundisha vijana ambao leo ni wahadhiri na wameketi hapa, na alikuwa mkali kwa mwanafunzi aliyetafsiri bila kusikiliza, akimwambia kwamba kamusi haina masikio. Alistaafu kwa hiari mwaka 2020, akarudi kuishi Masasi na mumewe.

Mwaka 2021 Bibi Sikuzani, akiwa mzee sana, alituma Agatha aitwe. Alimkuta na wanawake wengine wa makamo, wakamwambia kwamba mabomba yamefika, mabinti hawashuki tena bondeni, na nyimbo za njia ya maji, ambazo hazina siri, zitazikwa nao, basi wanampa yeye aziandike na kuzitafsiri, ila kila wimbo wausikie kwanza kabla haujaenda popote. Kazi hiyo ilichukua miaka mitatu, Bibi Sikuzani akafariki katikati yake, na siku kitabu kilipotoka kiwandani Agatha alilia kuliko tulivyowahi kumwona akilia.

Uzinduzi ulipangwa kufanyika hapa nyumbani, Jumamosi iliyopita, tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi. Marehemu alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2016, lakini alikuwa akitumia dawa zake vizuri, na asubuhi ile alikunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, akatutania sisi wadogo zake kwa mashati tuliyovaa, akapanga viti pamoja na wanawake waliokuja kuimba. Saa tatu kasoro alisema kichwa kinamgonga, akaomba maji, na kabla hayajafika alianguka. Majirani walimpakia kwenye gari na kumkimbiza hospitali, ambako madaktari walituambia kwamba mshipa umepasuka kichwani, walihangaika naye kwa kila walichokuwa nacho, na saa tano na robo akafariki dunia.

Wakati anaanguka, Mwalimu Anderson alikuwa njiani na gari, amekwenda kuwapokea stendi wageni waliotoka Dar es Salaam, na simu yake ilikuwa imezima. Walirejea saa tano na nusu, na walipokaribia nyumbani wakasikia sauti za wanawake. Akawaambia wageni wake, kwa furaha, "Tumechelewa, wenzetu wameshaanza." Alishuka akitabasamu, na hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kumsogelea. Turubai hili mlilokaa chini yake ndilo lililofungwa kwa ajili ya siku ile, nasi hatukuwa na moyo wa kulifungua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioacha korosho chini wakaja kukaa nasi, Baba Paroko na ndugu zetu Waislamu waliochimba kaburi bega kwa bega na vijana wa parokia, walimu na wanafunzi wake wa zamani, na wageni wale wa Dar es Salaam waliokataa kuondoka. Mwalimu Anderson ameomba tuwatangazie kwamba kitabu kitasomwa hapa siku ya arobaini, nyimbo zote, na kwamba wanawake wa njia ya maji wamekubali.

Historia ya baba yetu alipofariki mwaka 2009, na ya mama mwaka 2015, ziliandikwa na dada Agatha, na kila mara tulipokwama tulimwita akatupa neno. Hii tumeiandika wenyewe, na palipopungua tunaomba radhi kwenu na kwake.

Dada, pumzika sasa, kwa amani ya Bwana.