Rangi ya Gauni la Hawa

Benchi la Abuu muuza kahawa liko Soni, pale magari ya Bumbuli yanapopakia, na juu yake limefungwa turubai la bluu linalomfanya kila anayekaa pale aonekane amelala na baridi. Alasiri hiyo Khalfani, mpiga video za harusi ambaye kijiwe kizima humwita Dairekta, alikuwa na leptop mapajani na moyo unamchoma. Kwenye leptop kulikuwa na harusi ya Hawa, aliyoipiga mwenyewe mwezi wa sita. Kwenye simu kulikuwa na harusi ya kijijini Mgwashi, iliyopigwa na Rukia, msichana aliyeingia kazini juzi tu. Ya Rukia ilikuwa na ukungu mweupe, migomba ya kijani na nyuso zenye rangi ya watu. Ya Khalfani ilikuwa kama imepikwa kwa bizari. Na Ijumaa ijayo mdogo wake Hawa alikuwa anaolewa, na mama yao hajasema kazi atampa nani.

— Tatizo ni programu, alisema Khalfani. Hii ya bure haina grafu za kukuonyesha kama cheupe ni cheupe kweli. Ile kubwa inazo, ila leptop ikiifungua inaunguruma kama mashine ya kusaga.

— Tumia ya kwenye simu, alisema Chaji, fundi simu. Unagusa filta moja, umemaliza. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana wameweka kitufe kimoja.

— Filta inapamba, haisahihishi! Kwanza unarudisha rangi mahali pake, ndipo unapamba. Ukianza na mapambo, bibi harusi anapata homa ya manjano.

— Kama huyo hapo, alisema Abuu, akimimina.

Wakacheka. Khalfani hakucheka.

— Mwongeze manjano kidogo tena, alishauri Tani Moja, dalali wa karoti. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kwani Rukia anatumia programu gani? aliuliza Chaji.

Khalfani alikuwa ameitazama video ya Mgwashi mara kumi na nne akilitafuta jibu hilo. Kumwuliza mwenyewe hakuthubutu. Kabla ya magharibi Soni nzima ingejua.

— Hasemi, alijibu.

— Ana mjomba Dar, alisema Chaji. Anamtumia programu za watu wa televisheni.

— Mjomba wapi! Tani Moja aliinama, sauti ikashuka. Mimi nimemwona kwa Kornelio, fundi cherehani. Kila harusi ikikaribia anaomba kipande cha nguo ya bibi harusi. Kipande, jamani! Cha nini?

Vikombe vilisimama hewani.

— Anakipandisha kule juu Mtae, alisema Chaji. Kwa mtaalamu. Kinafukizwa, kamera inafukizwa, halafu wewe Dairekta hata ununue programu ya serikali, kwako zitatoka njano tu.

— Ndiyo maana hana hata bango! alidakia Tani Moja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza!

Khalfani, mwenye bango lake barabarani, aliona methali ile imeangukia upande wa nani. Akaiacha ipite, kwa sababu uongo ule ulimpoza moyo kuliko kitu chochote alichosikia wiki ile.

Hapo akatokea mama yake Hawa, kikapu mkononi, anatoka gulioni.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Khalfani, hiyo ndiyo harusi ya Hawa?

— Ndiyo, mama. Naitengeneza rangi. Nikishapata programu nzuri, ya mdogo wake utaipenda mwenyewe.

— Haya. Nina swali moja kabla sijaamua. Hilo gauni lilikuwa rangi gani?

Khalfani akatazama skrini.

— Samli, alisema Chaji.

— Waridi, alisema Tani Moja.

— Si lilikuwa jeupe? aliuliza Abuu.

Siku ya harusi, tangu asubuhi hadi jioni, Khalfani alisimama hatua mbili kutoka kwenye gauni lile. Alikumbuka betri ngapi zilikwisha na saa ngapi ukungu ulishuka. Gauni alilikumbuka kwenye skrini tu, na rangi za skrini amezibadilisha mpaka hajui tena ipi ya kweli.

Mama alifungua pindo la kanga, akatoa vipande viwili vya nguo, kila kimoja upana wa vidole viwili. Chini ya turubai vyote vilikuwa bluubluu. Akarudi nyuma, akasimama juani, akainua kimoja. Kilikuwa zambarau iliyopauka, rangi ya ua la kiazi.

— Hiki cha Hawa, nimekitunza tangu ashonewe. Hiki cha pili ni cha mdogo wake. Rukia amekiomba, anakiweka kando ya skrini akifanya kazi. Anasema macho husahau.

Tani Moja alianza kuchunguza kiatu chake.

Mama alikiweka kipande cha Hawa kwenye kiganja cha Khalfani.

— Chukua, mwanangu, umalizie ya Hawa.

Cha pili akakirudisha kwenye pindo la kanga, akafunga fundo, akashika njia inayopita kwa Rukia.

— Dairekta, nikuongeze? aliuliza Abuu.

Khalfani alikuwa ameshatoka chini ya turubai. Alisimama juani, leptop wazi mkononi, kipande kando ya skrini, na macho yake bado yanalifuata lile fundo.