Ukurasa wa Shangazi Unaohama Kila Asubuhi

Mpwa: Haloo? Ni nani mwenzangu?

Shangazi: Tarehe tatu Juni. Asubuhi manyunyu, sasa jua limetoka. Tatizo—

Mpwa: Shangazi! Shikamoo. Unasoma taarifa ya habari?

Shangazi: Marahaba, baba. Mwalimu wetu wa darasa la kompyuta la jioni anataka tatizo liripotiwe kwa tarehe. Hali ya hewa nimeongeza mwenyewe. Sikiliza, ukurasa wangu wa ushonaji hauonekani! Natafuta "fundi wa magauni ya harusi", wanatokea wote ila mimi. Na mama wa bibi harusi anataka kuiona kazi yangu mtandaoni leo. Asipoiona, magauni yote ya wapambe anampa jirani wa ng'ambo ya barabara.

Mpwa: Yule anayeshona mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi?

Shangazi: Huyo huyo! Naye anatokea wa kwanza! [anashusha pumzi] Mungu anisamehe, nimenuna.

Mpwa: Ukurasa mpya huchelewa. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni, zinafuata linki toka ukurasa huu hadi ule. Mpaka ziufikie wako, ziusome, ziuhifadhi... siku kadhaa, pengine wiki.

Shangazi: Wiki? Mimi kila asubuhi nikimaliza sala natazama. Nikiona haupo, naufuta, nafungua mwingine, anwani mpya.

Mpwa: Una— una—

Shangazi: Haloo? Mtandao?

Mpwa: Unaufuta?

Shangazi: Nilidhani umekataliwa! Nikasema labda anwani ile haina baraka—

Mpwa: Shangazi, programu inapiga hodi, wewe umeshahama!

Shangazi: Mungu wangu! Kumbe naikimbia!

Mpwa: [sauti inakwaruza] ...uache ulipo. Chama chenu cha mafundi kina tovuti, waombe waweke linki yako. Na huyo mama mtumie anwani kwenye simu, abonyeze tu. Hana haja ya kutafuta.

Shangazi: Nimefunga na kusali tangu alfajiri kwa jambo la kubonyeza? Ngoja... nimetuma. [mlio wa ujumbe] Amejibu! Kesho analeta wapambe kupimwa!

Mpwa: Umeona?

Shangazi: Ashukuriwe! Basi naufuta huu, naweka mwingine wenye maua—

Mpwa: Shangazi!

Shangazi: Ulimi umeteleza tu, baba. Salio linakwisha, ila kwanza nakuweka spika, karakana nzima isikie. Mafundi wangu, simamisheni vyerehani! Nawe mteja unayepimwa kiuno, usitingishike, u shahidi. Mbele yenu na mbele za Mungu naahidi: ukurasa huu siufuti. Nikiamka nisiuone, nitasali, nitakunywa chai, nitauacha palepale!