Anyieth Hatavuka Lokichogio

Jok, funga mlango, mwambie baba yenu mdogo Mamer aendelee na chai yake huko nje, mimi Adut nina maneno na watoto wangu. Sogea, Anyieth, kifua hiki hakinipi tena nafasi ya kupaza sauti, na nikikohoa ningojeni, sijamaliza.

Nyumba hii na mabati yake ni ya Jok. Sufuria mpeni Akidor, yule mama Mturkana anayetuletea kuni. Mwaka wetu wa kwanza hapa Kakuma tuligombana bombani hadi tukararuana nguo, na leo ndiye anayenipikia uji. Ng'ombe sina. Mwenye hesabu ya ng'ombe ni Mamer, na anawatarajia kwa ajili yako, Anyieth, kutoka kwa mwanamume mwenye wake watatu huko Sudan Kusini. Anangoja nife tu, maana hapo binti wa marehemu kaka yake atakuwa mkononi mwake.

Sikilizeni kosa langu. Dada yenu Akol alipotakiwa kwa nguvu namna hii, nilikimbilia baraza la wazee wetu, wakanipa kiti, wakanisikiliza kwa heshima, wakaniambia nirudi Ijumaa. Ijumaa nikarudi, kumbe Akol ameshavushwa mpaka wa Lokichogio tangu Jumatano, na wawili kati ya wazee wale walikuwa na fungu lao katika mahari hayo. Kituo cha polisi kilikuwa pale pale karibu, wanangu, na sikwenda, niliona aibu kuanika mambo ya ukoo mbele ya Wakenya. Akol alifia uzazini, ana miaka kumi na saba. Aibu ile naichukia mpaka leo, na siwaachii iwe urithi wenu.

Basi mwezi uliopita, nikiwa bado natembea, nilikwenda. Askari akaniambia nije na mzee wa ukoo. Nikamwambia huyo mzee wa ukoo ndiye ninayemshtaki, nikakaa kwenye benchi lake hadi saa kumi jioni, akachoka, akaandika. Kutoka hapo nikaenda kwa mawakili wanaokuja kambini kila Jumanne, nao wakampigia simu Mugure, afisa wa watoto kule Lodwar. Amesema ipo nyumba ya wasichana, ipo shule, na atakupeleka kwa hakimu ili Mamer azuiwe kukugusa, kwa sababu una miaka kumi na sita na sheria ya hapa haimruhusu. Kibali chako cha kutoka kambini kimo ndani ya Biblia yangu, na kinaisha kesho. Wakikufukuza mlango mmoja, bisha mwingine, usirudi nyumbani kulia.

Jok, nitazame. Najua ng'ombe wa dada yako ndio wangekuolea mke, ndivyo kwetu tunavyofanya, na Mamer amekwisha kukuahidi. Utakawia kuoa. Nakunyima kitu kikubwa, wala sikuombi radhi. Wewe ndiye utakayempeleka dada yako, umkabidhi kwa Mugure mkono kwa mkono.

Ngojeni... maji kidogo. Sasa lililo gumu. Nikikata roho, binti haruhusiwi kutoka nyumbani mpaka matanga yaishe, Mamer anajua, ndiyo maana amekuja mapema na blanketi lake. Kwa hiyo hamtanizika. Watasema hawa ni watoto gani waliomwacha mama yao akifa. Waacheni waseme, mimi ndiye niliyewatuma. Akidor yuko jikoni, yeye atanifumba macho.

Leta kichwa, Anyieth. Mate ya baraka yamenikauka, nitakubariki kwa maji haya. Usome. Uzeeke. Uzae siku utakayotaka mwenyewe. Na wewe Jok, mkono wako... Mungu awe njiani na nyinyi.

Gari la Lodwar linaondoka saa saba. Tokeni kwa mlango wa jikoni, na Akidor akamwite Mamer aingie kwa huu wa mbele. Amwambie nataka kumshika mkono, nina wosia wake pia, tena mrefu. Pumzi ya hilo... ninayo.