Jezi Bado Mbichi: Kumkumbuka Attracta Looby

Wasikilizaji wapendwa, ipueni birika, vuteni viti. Leo matokeo ya mechi yatasubiri kidogo. Attracta Looby wa Clonarra ametutoka. Ametutoka Jumatano asubuhi, nyumbani kwake, mwanawe Fintan amemshika mkono. Alikuwa na miaka themanini na kitu. Hicho "kitu" hakuwahi kumwambia mtu, na mimi si mjinga wa kukitaja hewani.

Attracta hakuwahi kushika fimbo ya hurling, huu mchezo wetu wa kupiga mpira kwa fimbo. Hakuwahi hata kukaa jukwaani. Alifua jezi. Jezi za timu ya kaunti yetu, miaka nenda miaka rudi, kwa sabuni yake mwenyewe, bila kulipwa hata senti. Wachezaji hawalipwi, kocha halipwi, na mfuaji jezi halipwi. Ndivyo mchezo wetu ulivyo. Lakini nawaambia leo, na nitarudia: mgomo wa wachezaji wa miaka ya tisini ulishindwa na kushindwa kila mahali, ukaja kushinda kwenye kamba ya nguo ya mama huyu.

Wenye umri wangu wanakumbuka ulianzaje. Jioni moja ya vuli, mazoezini, kijana Ronan Quirke alipigwa fimbo usoni. Hapakuwa na daktari. Hapakuwa na hata bandeji. Fintan Looby, golikipa na nahodha, alimlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, akamkandamizia jezi usoni njia nzima hadi hospitali. Ronan alipona. Jicho halikupona. Na ile jezi, kama jezi zote, ilirudishwa kwa Attracta ili ifuliwe.

Wachezaji wakaenda kwa kamati ya kaunti. Waliomba daktari awepo kila mazoezi na kila mechi. Wakaongeza na chakula cha moto baada ya mazoezi, maana walikuwa wanapewa maziwa na biskuti kama watoto wa chekechea. Lakini kubwa lilikuwa daktari. Kamati ikakataa. Wachezaji wote wakaweka fimbo chini, wakagoma.

Sasa sikilizeni utamu na uchungu wake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Con Hartigan. Con Hartigan ni kaka yake Attracta, tumbo moja. Ndiyo, wapendwa. Mjomba upande huu, mpwa upande ule, na dada katikati na beseni lake.

Con alikuja hapa hapa studioni. Mimi ndiye niliyemhoji. Akasema, mgomo ni wa wafanyakazi, na hawa si wafanyakazi, hawalipwi, kwa hiyo hawana cha kugomea. Halafu akatoa tishio: kamati itaita vijana wengine kutoka vilabuni, wacheze mechi ya kwanza ya ligi, na waliogoma hawatavaa tena jezi ya kaunti maisha yao yote. Fintan alikuwa amepita miaka thelathini. Alikuwa hajawahi kushinda kombe lolote na kaunti. Vijana wale wakishuka uwanjani hata mara moja tu, yeye na wenzake wamekwisha, na daktari ndiyo basi tena.

Vijana waliitwa. Baadhi walikubali, siwalaumu, kila mtoto huku analala akiiota jezi ile. Walitaka kitu kimoja tu: jezi yenyewe. Kamati ikafikiria kuazima fulana za klabu fulani, vijana wakakataa katakata. Wakasema fulana ya kuazima siyo kaunti. Mpya zingechukua wiki kadhaa kushonwa. Basi Con akawasha gari, akaenda kwa dada yake.

Fintan amenisimulia wiki hii, akicheka na machozi yakimtoka. Alikuwa jikoni, mlango wazi. Mama yake yuko uani, jezi zote kwenye kamba, mvua ile yetu ya manyunyu inashuka.

"Umekuja kwa chai au kwa jezi?" Attracta akauliza.

"Kwa jezi, dada."

"Basi rudi. Bado mbichi."

Con akarudi kesho yake. Bado mbichi. Akarudi tena. Bado mbichi. Mvua nayo ikawa upande wa mama, haikukatika. Watu wa Clonarra wakaanza kupunguza mwendo wakipita pale kanisani, jirani na nyumba yake, wachungulie uani. Dukani mtu akiulizwa habari za asubuhi anajibu, "Mbichi."

Con akamwambia dada yake hewani, kupitia kipindi hiki hiki, kwamba anachofanya ni mgomo. Attracta alipiga simu studio, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Alisema kwa upole kabisa: "Kaka, umesema asiyelipwa hawezi kugoma. Mimi silipwi. Basi sijagoma. Ni jezi tu hazijakauka." Akakata simu. Fundi mitambo wetu alicheka mpaka akakosea kuweka tangazo la mbolea.

Con akamtuma Mossie, mbeba mizigo wa timu, akazianue zenyewe, mbichi hivyo hivyo, zitakaukia kwenye basi. Mossie ni jitu la miraba minne. Alifika hadi kwenye kamba. Akainua mkono, akaushusha. Akarudi mikono mitupu, akamwambia mwenyekiti kwamba yeye atabeba chochote, hata farasi, lakini nguo za mwanamke asiyemruhusu hazianui. Na hapo, wapendwa, nani wa kumlaumu? Huku kwetu hata mvua ya mawe ikinyesha, nguo za jirani huzigusi mpaka ubishe hodi. Con mwenyewe alilelewa hivyo, na hakuthubutu.

Kisha likaja jua. Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, jua la kuchoma, na upepo mkavu. Con akashuka garini akitabasamu.

"Leo hunidanganyi. Jua hili hapa."

"Nimezifua upya," Attracta akasema. "Kunguru kazichafua."

"Zote?"

"Walikuwa kunguru wengi."

Fintan anasema hapo mjomba wake akaacha kutabasamu. Akamwambia dada yake kwamba anamwaibisha mbele ya kaunti nzima. Attracta akaweka beseni chini. Akaitoa jezi moja kwenye kamba, akaigeuza upande wa kifua.

"Damu ya mtoto wa Philomena Quirke hii," alisema. "Nimeiloweka kwa chumvi, nimeisugua, doa limegoma kutoka. Hilo ndilo limegoma, Con. Si mimi. Mchukue kijana yeyote unayemtaka, mvalishe hii, halafu nenda ukamwambie mama yake ulimpa wewe."

Con alisimama pale mpaka dada yake akamaliza kuanika. Kisha akaingia ndani kwa mlango wa nyuma, mlango wa jamaa, ambao alikuwa hajaupita tangu mgomo uanze. Akaketi. Akamwambia Fintan aketi. Attracta akakata mkate wa soda, akamimina chai, akatoka nje akawaachia jikoni.

Timu haikushuka uwanjani Jumapili ile. Lakini Jumatatu kamati ilikutana, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesimama kudai daktari. Kila mazoezi, kila mechi. Na viazi na nyama ya moto juu. Wachezaji walirudi, wote, hakuna aliyefungiwa. Kiangazi kile kile wakatwaa ubingwa wa jimbo, Fintan akaokoa mpira wa dakika ya mwisho kwa kifua. Mimi nilitangaza mechi ile na sauti ilinikauka. Attracta alikuwa jikoni kwake akinisikiliza. Siku ya pili alianika jezi kwa mpangilio wa namba, vifua vyote vikitazama barabarani, na kila gari lililopita lilipiga honi hadi jioni.

Jana nilienda msibani. Con yupo, mzee sasa, anatembelea magongo mawili. Alikaa karibu na jeneza, na alipoona nimesogea akasema kwa sauti ya wote kusikia: "Dada yangu alinishinda. Namshukuru Mungu alinishinda." Ronan Quirke alikuwa nyuma yake, amemshika bega.

Fintan, Con, ukoo wote wa Looby na wa Hartigan, pokeeni pole zetu sote wa kituo hiki na kaunti hii. Mungu ampumzishe mama yetu. Mazishi ni kesho baada ya misa, na wachezaji wa zamani na wa sasa watasimama kando ya njia na fimbo zao.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, naomba jambo moja. Jumanne piteni uwanjani wakati wa mazoezi. Mtamwona daktari amekaa kwenye benchi, mkoba umefungwa, hana kazi, anapiga miayo. Msimcheke. Mtazameni vizuri mjiulize nani alimweka pale. Kisha mwacheni apige miayo yake.