Crisanto Macaraeg, Miaka Thelathini na Mitano Norvale

Ndugu, jamaa na marafiki, pamoja nanyi wafanyakazi wa Norvale mliokaa kushoto na wa Lumiko mliokaa kulia kana kwamba mmepangwa, tumekuja kumsindikiza Crisanto Macaraeg. Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1956 huko Binalonan, Pangasinan, Ufilipino, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Honorato, fundi saa, na mama Basilia. Anayewasomea ni Leonila, mdogo wake wa kumfuata. Sauti ikikwama, mvumilieni.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Binalonan. Akiwa na miaka kumi na miwili alichora ramani ya parokia yetu, akaweka kila nyumba na kila mtaro, na mwalimu aliipenda hata akakataa kuirudisha. Mama aliifuata mara tatu bila kuipata. Mwaka 1977 alihitimu chuo cha ufundi Manila katika uchoraji wa mitambo ya umeme, akaajiriwa kiwanda cha kufungasha chipu, vile vijipande vinavyoendesha kompyuta, huko Makati, alikokaa miaka minne.

Mwezi Mei 1981 alifika Santa Clara, akaanza kazi Norvale, kampuni ya kuchora na kutengeneza chipu, nayo ndiyo ajira yake ya mwisho. Miaka ile ya mwanzo baadhi ya chipu bado zilichorwa kwenye plastiki nyekundu pana kuliko meza ya kulia, zikikatwa kwa kisu, na wachoraji walivua viatu wakatembea juu ya mchoro kwa soksi. Kaka alikuwa na soksi za kazini ambazo wifi hakuruhusiwa kuzifua na nguo nyingine. Baadaye kompyuta zilikuja, akajifunza, na kufikia mwaka 1998 alikuwa kiongozi wa wachoraji wa chipu zilizokuwa zikiendesha kompyuta zote za Lumiko, mteja mkubwa kuliko wote wa Norvale. Alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Akiingia dukani alikuwa akizipapasa kompyuta za maonyesho moja moja.

"Mzee, unanunua au unasalimia tu?" muuzaji mmoja alimuuliza.

"Nasalimia," alijibu. "Moyo wake niliuchora mimi."

Tarehe 11 Februari 1984 alifunga ndoa na Zenaida Quiambao, mpishi wa shule, ambaye sinigang yake, ile supu yetu chachu, imewalisha nusu ya mliomo humu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Alvin na Rowena. Rowena ndiye aliyerithi mkono wa baba yake. Akija likizo kutoka chuo kikuu, wawili hao walijifungia jikoni na penseli za rangi, wakichora nyuma ya kalenda za parokia. "Umeme kwanza," Kaka alimwambia kila mara. "Mpe njia pana. Usipompa, chipu itakufa kwa kiu hata uipambe vipi."

Mwaka 2010 Rowena aliajiriwa Lumiko. Baba yake alifurahi, maana mteja na muuzaji ni kama watu wa nyumba moja. Lakini kila mmoja wao alikuwa ameweka sahihi ya kutunza siri za mwajiri wake, na Kaka hakuwa mtu wa kuchezea sahihi. Akaweka sheria: viatu mlangoni, kazi mlangoni. Zenaida alilalamika kwamba nyumbani kwake kumebaki mazungumzo ya mchele na mvua tu, na mvua yenyewe hainyeshi.

Mnaofanya kazi bonde hili la Santa Clara mnajua desturi ya keki. Mtu akihama kampuni, wenzake hukata keki, humtakia heri, na hakuna anayeuliza anakwenda kufanya nini huko. Kati ya mwaka 2012 na 2015 Kaka alikula keki kumi na moja za watu wa timu yake, timu ya watu kumi na tisa bila kumhesabu yeye. Wote walikwenda Lumiko.

"Wanakwenda kutengeneza kamera za simu," alimwambia Leonila.

"Kaka, watu kumi na mmoja, kamera moja?"

"Kamera za siku hizi zina akili, wewe. Acha umbea."

Hazikuwa kamera. Lumiko ilikuwa imechoka kungoja chipu za Norvale, ikaamua kuchora zake yenyewe kimyakimya, huku ikiendelea kukaa na Norvale kwenye mikutano kama mchumba anayejua hatafunga ndoa. Mwezi Machi 2014 Rowena aliitwa ofisini kwa bosi wake, akapewa karatasi nyingine ya siri atie sahihi, kisha akaambiwa kazi yake mpya. Alikuwa amepewa kuchora chipu ya kuchukua nafasi ya chipu ya baba yake. Kutoka siku hiyo alijua kwamba mchoro ambao Kaka alikuwa akiukeshea, wa kompyuta za mwaka 2017, hautanunuliwa na mtu. Alikuja chakula cha Jumapili kila wiki akiwa nalo kifuani, nasi tukadhani mapenzi yamemsumbua.

Agosti 2015 Norvale ilitangaza kwamba mwenye miaka hamsini na mitano na zaidi anaweza kustaafu mapema kwa heshima zote, mradi ajiandikishe kabla ya Septemba kwisha. Kaka wakati huo alikuwa amepungua, suruali anaikunja kiunoni, na kula kunamuuma. Jumapili moja Rowena aliweka kijiko chini.

"Baba, staafu."

"Kisa?"

"Umekonda. Nenda hospitali, upumzike, uende Binalonan na Mama."

"Nitakwenda Aprili, mchoro ukishaingia kiwandani. Chipu hii ni ya watu wako, mama. Nikiwaangusha utanicheka mpaka kaburini."

"Sitakucheka. Nakuomba, Baba. Aprili ni mbali."

"We mtoto una nini leo?"

Rowena alisimama, akaenda kwenye sinki, akafungua maji bila chombo cha kuosha. Na hapo, ndugu zangu, shangazi yake aliyekuwa mezani, huyu huyu anayewasomea, mwanamke aliyefanya kazi maabara ya hospitali miaka ishirini na minane na aliyepaswa kuona macho ya kaka yake yalivyoanza kuwa ya manjano, alifungua mdomo akamgombeza mtoto.

"Msichana, unataka kumzeesha baba yako kabla ya wakati? Mwache mwanamume afanye kazi yake."

"Sawa, Shangazi," akasema. Hakulitaja tena. Septemba ikaisha.

Mchoro uliingia kiwandani Jumatatu tarehe 11 Aprili 2016. Kaka alikwenda hospitali wiki iliyofuata, kama alivyoahidi, kwani alikuwa mtu wa ahadi. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikwisha kufika kwenye ini. Daktari alisema kwamba Septemba iliyopita huenda wangeweza kumpasua. Alisema "huenda", na neno hilo halijatutoka masikioni.

Tarehe 14 Juni Lumiko ilitangaza chipu yake mbele ya dunia. Tuliitazama pamoja naye, akiwa ameegemezwa kwa mito, Rowena amekaa miguuni kwake. Walipoonyesha picha ya chipu ikiwa imekuzwa, Kaka aliomba miwani. Aliinama mbele, akaikagua kona hadi kona kama alivyokuwa akikagua kazi za vijana wake.

"Njia za umeme pana," alisema. "Safi. Nani kachora?"

Kaka akamtazama binti yake, akavua miwani.

"Nilijua tangu Machi ya mwaka juzi, Baba."

"Uliweka sahihi?"

"Niliweka."

"Basi."

"Baba, nigombeze."

"Uliniambia nipumzike. Ungesema nini tena?"

"Ningepiga kelele."

"Nisingesikia," Kaka alisema. "Nilikuwa na kazi."

Septemba Norvale iliivunja timu yake. Wenzake wanane waliobaki walikuja nyumbani na chipu yenyewe, ya kwanza kutoka kiwandani. Aliwauliza ina kosa gani. Wakamwambia wameipima miezi miwili na hawajaona hata moja. Aliishika kidogo, akawashukuru, akaomba wamlaze tena kitandani. Tulikuwa watu kumi na wawili chumbani, wenye vyeo na shahada, na kazi tuliyoweza kumfanyia ilikuwa kumgeuza ubavu.

Crisanto Macaraeg alifariki nyumbani kwake Milpitas, Jumatano tarehe 26 Oktoba 2016, saa nne asubuhi, siku kumi na mbili baada ya kutimiza miaka sitini. Zenaida alikuwa amemshika mkono wa kulia.

Ameacha mjane, Zenaida, mwana, Alvin, aliyetoka Sacramento na mkewe, wajukuu wawili, ndugu wanne walio hai, na binti, Rowena. Rowena ameomba isomwe kwamba kesho kutwa anarudi kazini Lumiko, kwa sababu kuchora ndiko anakokujua, na aliyemfundisha ndiye huyu. Familia inawaomba msimwambie kwamba hakuwa na la kufanya. Analijua. Ndilo linalomliza. Kaeni naye tu, mle naye wali.

Shangazi yake naye anaomba mbele yenu nyote asamehewe na Rowena yale maneno ya mezani, ingawa wa pili anayestahili kuombwa msamaha yumo sandukuni.

Kaka, Mungu akupe lile pumziko ambalo binti yako alikuombea, nasi tukamnyamazisha.