Kadi Niliyoomba Isipatikane

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe hata na sisi ambao tumeimba mpaka sauti ikakauka na moyo ukabaki vilevile!

Mimi ni ndugu Wafula. Wengi mnanijua, ndiye yule mrefu wa kupanga viti na kuwafokea watoto wenu wakikimbia wakati wa neno. Kwetu ni Bungoma, upande wa Kenya, ila nimekaa Kampala hii miaka mingi. Nyumba yangu iko Kansanga na kazi yangu iko Nakawa, kwenye ghala. Mchungaji amenipa dakika kumi. Najua nitazidisha, nisameheni mapema.

Ndugu zangu, wengine husimama hapa wakashuhudia walivyotolewa kwenye pombe. Mimi pombe siijui. Mimi nimetolewa kwenye kununua kadi za picha za wachezaji. Cheka tu, dada yangu, hata mimi ningecheka. Lakini kadi hizo zilitaka kuniulia mke, na mkosaji ni mimi mwenyewe, tena nikiwa nimevaa beji ya kanisa.

Mnamkumbuka Emanueli, mtoto wetu. Hatukuwa na mwingine. Shuleni kwao walifundishwa besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo. Yeye alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na chuma usoni. Mwalimu wao akampa kadi moja. Ni kakaratasi kagumu kadogo, mbele kuna picha ya mchezaji, nyuma kuna namba na habari zake. Kijana akaingiwa na wazimu! Akachagua timu moja, ya mwaka mmoja, yenye kadi ishirini na sita, akataka zote. Alipofaulu mtihani nilimfungulia akaunti kwenye mnada wa mtandaoni, kwa simu yangu, akaiita Ema Mdakaji. Zilikuwa zinakuja kwa posta, moja moja, kupitia sanduku la barua la kanisa letu hili, kwa kuwa mimi ndiye mwenye ufunguo. Alikuwa amefikisha kumi na tisa. Alizipanga kwenye sanduku lake la bati la shule, na ndani ya kifuniko alikuwa amebandika orodha kwa mwandiko wake.

Homa ilimshika Jumanne. Jumamosi tulikuwa tunatafuta gari la kumpeleka Bungoma. Sitaki kusema zaidi hapo.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi watu hunyolewa, na vitu vya marehemu hugawiwa jamaa na rika lake. Visipogawiwa matanga hayajaondoka, na waliofiwa hubaki ndani ya matanga hata kama ni mwaka. Baba mdogo akaomba sanduku liletwe. Ndugu zangu, niliona mkono wake unaelekea kwenye lile kufuli. Nikasimama mbele ya wazee wote, kaburi liko pale, udongo haujakauka, nikasema: "Sanduku hili halifunguliwi! Mtoto hakumaliza kazi yake. Kadi zikitimia ishirini na sita nitawaita wenyewe, na siku hiyo mtagawa. Mungu ni shahidi."

Wapendwa, hamwezi kujua uzito wa jambo hilo kama si wa kwetu. Neno la baba kaburini halivunjwi na mtu, si mzee, si mchungaji, si mke. Baba mdogo alinitazama kwa huruma. "Wafula," akaniambia, "umejifunga mwenyewe kwa kamba yako. Haya, tutangoja."

Tukarudi Kampala na sanduku. Nikaliweka mvunguni mwa kitanda chake. Nyumba yetu ni chumba kimoja cha kupanga, muzigo wenyewe, kwa hiyo kitanda cha mtoto, kitanda chetu na jiko vinatazamana. Mama Ema alikuwa amenyolewa, na mtu aliye kwenye matanga hasuki nywele, haendi harusini, haimbi kwaya. Akakaa hivyo. Mimi nikaingia mnadani kwa akaunti ya marehemu.

Mwanzoni ilikuwa tamu, nisiwafiche. Nilijiona namfanyia mtoto kazi. Kulikuwa na mzee mmoja wa huko Amerika, nitamwita Mzee Walta, ambaye Ema alikuwa akinunua kwake. Akaandika: "Kijana, umepotea! Ulikuwa wapi?" Nami, badala ya kumwambia, nikajibu kama Ema. "Nilikuwa na mitihani, babu." Basi nikazoea. Akiuliza mchezo, nasema tumeshinda. Akiuliza mkono wa kudakia umepona, nasema umepona. Mtoto yuko chini ya udongo Bungoma na mimi namshindia mechi!

Kadi zikaja. Ya ishirini, ya ishirini na moja. Na kila moja ilipofika nikaanza kuogopa. Ile ya ishirini na tano nilipoitoa posta nilitapika kando ya barabara. Ilibaki moja tu, namba kumi na saba, na huyo wa kumi na saba ndiye aliyekuwa mdakaji wa timu ile.

Mama Ema akafurahi! Mara ya kwanza tangu mazishi nikayaona meno yake. Akaja kuwaeleza akina mama wa maombezi, na nyinyi akina mama, Mungu awabariki, hamkujua besiboli ni kitu gani, mkasema tutafunga mpaka ipatikane, nyumba hii ipumzike. Mkafunga kweli. Kila Jumapili asubuhi mnapiga magoti hapa mbele mnalia, "Namba kumi na saba, toka ulikofichwa!"

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji. Kwa maana minada ile ilikuwa inafungwa Jumamosi usiku kwao, na kwetu hapo tayari ni Jumapili, ibada imeanza. Jumapili moja nikaiona, namba kumi na saba, haina doa, na hakuna mtu anayeigombania. Nikaweka bei. Akatokea mmoja akaweka juu kidogo. Kubonyeza mara moja tu, ndugu zangu, na mke wangu yuko huru. Nawasikia ndani mnaita mpaka mabati yanatetemeka. Nikaangalia ile saa inahesabu kurudi nyuma mpaka ikaisha. Nikatia simu mfukoni, nikaingia, nikanyanyua mikono, nikasema "Amina."

Nilifanya hivyo mara tatu. Nilimwomba Mungu kabisa, kwa maneno: "Baba, usiwasikie hawa wanawake. Ikipatikana, mtoto wangu amekwisha." Mmewahi kukaa kwenye ibada mkiomba kinyume cha kanisa zima? Ni baridi. Nilikuwa sili, nikila sisikii ladha. Kazini nilipakia mizigo ya watu kwenye lori lisilo lake. Nikawa namchukia kila mtoto aliyevaa sare ya shule.

Kumbe Mzee Walta alikuwa anaona. Akaandika: "Kijana, mara tatu unaweka bei halafu unaachia. Nadhani mambo ni magumu nyumbani. Mimi ninayo moja, nimekutumia, ni zawadi. Endelea kudaka." Nilisoma nikaketi sakafuni, pale pale ghalani. Nikamjibu, "Asante sana babu, msimu unaenda vizuri."

Bahasha ikafika. Nilikuwa na ufunguo, nikaichukua, sikumwonyesha mtu. Sikuifungua. Nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, na koti lile sikulivua tena. Wiki tano! Jua la Kansanga linawaka, mimi na koti. Mtu akiniuliza, nasema kifua.

Katika wiki hizo mdogo wake Mama Ema akaolewa, hapa hapa Kampala. Harusi ya mdogo wake wa tumbo moja, naye hakwenda. Alikaa kitandani kichwa wazi, anapokea simu za watu wa harusini, anasikia vigelegele nyuma yao. Jioni akaniambia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma, "Baba Ema, mimi nimechoka kuwa na maiti nyumbani. Nitafunga siku tatu bila chakula wala maji. Mungu asiponijibu, Jumatatu naenda kwetu, na sirudi." Nilikuwa na neno la kumwambia. Lilikuwa kifuani pangu, kwenye bahasha. Nikamwambia, "Sawa."

Ee Mungu, mtu anaweza kuwa mwovu hivi na anapanga viti kanisani!

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Mliokuwepo mliona. Maombi yanaendelea, mara Mama Ema akaanguka kama gunia, hapa, mbele ya meza hii. Mtu akapiga kelele, "Banange, amekufa!" Nilikimbia nikiruka viti nilivyovipanga mwenyewe. Midomo imepasuka, macho yamegeuka. Nikavua koti haraka nikalikunja nikamwekea chini ya kichwa. Ndipo nikaona nilichofanya. Kile kichwa kisichosukwa kilikuwa kimelalia ile kadi aliyokuwa anafia njaa kwa ajili yake.

Ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka mbinguni. Sikuona nuru. Niliona mke wangu anakufa juu ya uongo wangu, basi. Nilisema, "Yesu, chukua mtoto. Niachie huyu." Ni sala ya aibu, najua. Sina nyingine iliyowahi kutoka kwangu ikiwa ya kweli kuliko hiyo.

Akafumbua macho. Neno la kwanza lililomtoka, "Imepatikana?"

Nikatia mkono chini ya kichwa chake nikaitoa. "Imepatikana, Mama Ema."

Aliitazama ile bahasha, akatazama mhuri wa posta, halafu akanitazama mimi. "Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya tano."

Akaniomba nimsaidie kukaa. Nikamkalisha. Alinizaba kofi, mbele ya kanisa zima na mchungaji amesimama, kofi ambalo sijui mtu wa kufunga siku tatu alilitoa wapi. Kisha akaomba maji. Nilipoona koo lake linashuka na kupanda, nilianza kulia, na sikunyamaza mpaka wazee wakanitoa nje.

Tulikwenda Bungoma. Wazee wakaitwa, sanduku likafunguliwa, na kadi zikapangwa juu ya mkeka, ishirini na sita. Zilikuwa timamu kwa muda wa kama saa moja. Wazee wakashindwa wazigawe vipi. Mama Ema ndiye aliyesema: "Kila mtoto wa timu yake apewe moja moja." Mimi mnunuzi nilitaka kupiga yowe! Nyie mnajua maana ya kuutawanya mkusanyo kamili? Lakini nilikuwa sina tena haki ya kusema. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikalia kama ng'ombe anayechinjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kifo kwangu, wapendwa. Wengine mlimzika mwaka jana, mimi nilimzika siku ile.

Kesho yake Mama Ema alisukwa na wifi zake. Jumapili iliyofuata aliimba.

Mzee Walta nilimwandikia. Ilinichukua siku nne kupata sentensi mbili: kwamba kijana alikufa, na kwamba aliyekuwa anamwandikia ni baba yake. Hajanijibu mpaka leo. Sijui kama amenikasirikia, au ni uzee. Nimemwombea.

Namshukuru Mungu aliyewasikia akina mama akakataa kunisikia mimi! Nashukuru kwa mke wangu, ambaye bado hajanisamehe yote na hanidanganyi kwamba amesamehe. Uchungu haujaondoka. Asubuhi nikiamka uko pale, umefika kabla yangu. Ila sasa ni uchungu tu, hauna uongo ndani yake, na mtu anaweza kuubeba akaenda nao kazini.

Wewe uliyekaa hapa, unamficha Mungu asichukue alichokwisha kuchukua, mwachie. Mwamini. Hatakurudishia, nisikudanganye, lakini atakaa na wewe hapo penye pengo. Kama huwezi kutembea kuja mbele, nyosha mkono tu, tutakufuata hapo hapo ulipo.

Na mimi nimalizie kwa neno ambalo kinywa changu hakijawahi kulisema mbele ya watu. Mtoto wangu Emanueli amekufa. Amekufa, ndugu zangu. Nimesema. Sasa mtu mmoja anishike mkono, nikae chini.