Mama Kalista na Kitabu cha Muda

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Kalista Ndalahwa anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika Maktaba ya Kumbukumbu ya Nyanda za Ufipa. Barua yake ya kwanza ya kazi, ya Julai 1991, ilimwita mfanyakazi wa muda na kumpa miezi mitatu. Tuanzie hapo, kwa sababu neno hilo "muda" lilimwandama mpaka akalishinda.

Wengi tunamjua kwa baiskeli yake. Kila asubuhi kutoka nyumbani kwake Pito hadi hapa Mazwi, hata Julai, upepo wa huku unapokata masikio, na saa moja na nusu masijala imeshafunguliwa. Alikuta nyaraka zimerundikwa kama viazi, akazipanga moja moja. Ukimwuliza Hati za Muungano ziko wapi, hatazami orodha, ananyoosha kidole. Mkali pia. Profesa mmoja mgeni alitolewa nje kwa kulamba kidole akifunua kurasa, akarudi kesho yake na kitambaa mkononi, akiomba radhi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kabati la nyaraka zilizoiunda nchi: Katiba ya Uhuru ya 1961, ya Jamhuri ya 1962, Hati za Muungano za 1964, Katiba ya Muda ya 1965 na ile ya 1977. Wapo wasomi wanaotuambia kuwa historia ya katiba ni mambo ya wanasheria na majengo makubwa ya mijini. Wanakosea, na ushahidi umo kabatini. Nakala yetu ya Katiba ya Muda ilikuwa ya Mwalimu Isdori wa kijiji cha Chala, aliyewakusanya wakulima baada ya misa, akawaeleza kifungu kwa kifungu kwa Kifipa, kisha akaandika maswali yao kwa penseli pembeni mwa kurasa. Kalista aliifuata kwa basi mwaka 1996, akaikuta ndani ya kikapu cha mbegu za ulezi.

Mwaka 2009 paa lilivuja, tukahitaji nafasi. Edwin, karani wetu, aliandaa orodha ya nyaraka zilizokwisha muda ili zichomwe. Namba 41 ilisomeka: Katiba ya Muda. Hoja yake ilikuwa nyepesi: jina lenyewe linasema ya muda, na muda umepita zamani. Wajumbe saba wa kamati tuliipitia orodha, tukanyoosha mikono, tukaenda kunywa chai. Hakuna aliyekumbuka kwamba katiba hiyo ya muda iliongoza nchi miaka kumi na miwili.

Siku ya kuchoma, Kalista alilikalia sanduku lenye nakala hiyo. Mkuu wetu wakati ule, Bwana Maximilian, muungwana kutoka Mbeya, alimkumbusha kwa upole kwamba agizo la kamati halibishiwi na mtu ambaye mkataba wake unasubiri saini Ijumaa. Ni kweli. Baada ya miaka kumi na minane Kalista bado alikuwa wa muda, miezi sita sita, akiwa na watoto watatu shuleni. Mkuu akaongeza kuwa nakala nyingine zipo Dar es Salaam.

"Dar wana katiba, Mkuu," Kalista alijibu. "Maswali ya Chala hawana. Na anayekwisha muda Ijumaa ni mimi, si hiki kitabu."

Akakifungua, akaanza kumsomea maswali ya pembeni, akitafsiri kutoka Kifipa. Mzee mmoja aliuliza kama mkuu wa nchi akifika Chala ataamkiwa shikamoo hata na wanaomzidi umri. Maximilian akacheka. Mama mmoja aliuliza: ikiwa katiba ni ya muda, sisi tunaoitii ni wa kudumu, au na sisi ni wa muda? Hapo hakucheka. Alivuta kiti, akaomba swali linalofuata. Walisoma mpaka saa saba mchana, na moto nyuma ya jengo ukala magazeti mabovu peke yake.

Ijumaa mkataba ulisainiwa: miezi sita, wa muda, kama kawaida. Ajira ya kudumu ilikuja 2011, na tusijisifu kwa hilo, ilichelewa miaka ishirini. Barua aliichapa Edwin, ambaye mpaka leo tunamwita Bwana Muda na anaitika. Inasemekana neno "kudumu" alilikagua mara tatu.

Tangu hapo, wanafunzi wa sekondari huja kila mwaka kusoma maswali ya Chala. Yule mama wa swali la muda hana jina kitabuni, lakini bado anawagombanisha vijana hadi kengele ya kuondoka.

Wiki iliyopita, Kalista akimkabidhi funguo Bi. Sekela, anayempokea kazi, tulikuta nyaraka moja zaidi imeingizwa kwenye rejesta, kwa mwandiko wake. Kabatini, kando ya kitabu cha Mwalimu Isdori, ameiweka barua yake ya 1991. Pembeni mwa maneno "miezi mitatu" ameandika kwa penseli: Muda huu ni kiasi gani?

Jibu ni miaka thelathini na minne, Mama Kalista, na kitabu ambacho sisi saba tulikipigia kura kiwe majivu. Asante kwa kutukatalia. Tunakutakia maisha mema huko Pito, afya njema na ulezi wa kutosha. Safari hii hakuna mkataba wa kusubiri Ijumaa.